Kipimo cha mate na choo kwa posta: mtu wa Mwanza analipia nini hasa?

Kisanduku chenyewe si kikubwa kuliko boksi la viatu vya mtoto. Ndani mna kichupa cha mate chenye faneli, kichupa cha kinyesi chenye kimiminika cha kuhifadhia, kijiti cha pamba, karatasi ya kukingia chooni, mfuko mzito wa kufungia na bahasha ya kurudishia. Ahadi iliyoandikwa juu ni kubwa zaidi: kitasoma jeni zako, kitawatambua bakteria wa utumbo wako, kisha kitakupangia chakula kinachoufaa mwili wako wewe na si wa jirani. Kampuni zinazouza vipimo vya namna hii ni nyingi, hasa za Ulaya na Marekani, na zimefanana kiasi kwamba kasoro zilizoelezwa hapa ni za ukoo mzima, kwa hiyo hakuna haja ya kutaja jina. Tathmini hii ni ya mnunuzi wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria, anayekula dagaa, ugali wa muhogo, michembe na maziwa mgando, na anayelipa kwa pesa yake.

Kwa haraka: sehemu ya bakteria ni picha ya siku moja, ina thamani ukijua kuisoma. Sehemu ya jeni, kwenye vifurushi vingi, imechorwa kwa ramani ya Ulaya, na kwenye swali la maziwa inaweza kumpoteza kabisa mtu wa huku.

Jeni zina sauti kiasi gani

Jeni hazizai bakteria. Bakteria unawapata kwa mama siku unapozaliwa, kwenye maziwa yake, kwa watu mnaoishi nyumba moja, kwenye chakula na maji. Jeni zinafanya kazi ya mwenye nyumba: zinaamua ukuta wa utumbo upakwe sukari za aina gani, mabaki gani ya chakula yafike utumbo mpana, na kinga ya mwili iwe kali kiasi gani kwa wapangaji. Mpangaji mwenyewe anatoka nje.

Ukubwa wa sauti hiyo umepimwa. Mwaka 2014 watafiti walilinganisha jozi 416 za mapacha nchini Uingereza wakakuta mapacha wa kufanana wana bakteria wanaokaribiana zaidi kuliko mapacha wasiofanana, na familia iliyoonekana kurithiwa kuliko zote ni ya kristensenela, ambayo hupatikana zaidi kwa watu wembamba. Matangazo mengi ya vipimo yanaishia hapo. Hayakuambii kwamba mwaka 2018 uchunguzi wa watu 1,046 nchini Israel ulikadiria mchango wa urithi kuwa kati ya asilimia 1.9 na 8.1 tu, wakati chakula, dawa na vipimo vya mwili kama uzito vilihusishwa na zaidi ya asilimia 20 ya tofauti za bakteria baina ya watu. Mwaka 2021 zikaunganishwa takwimu za watu 18,340 kutoka makundi 24 ya utafiti, na katika jeni zote za binadamu ni eneo moja tu ambalo uhusiano wake na bakteria ulivuka kipimo kikali cha mwisho cha takwimu. Eneo hilo ni la LCT, jeni ya kumeng'enya sukari ya maziwa.

Ushahidi mwingine mzuri umetoka jirani kabisa, Amboseli, upande wa Kenya wa Mlima Kilimanjaro. Huko nyani 585 walifuatiliwa kwa miaka 14, zikapatikana sampuli 16,234 za kinyesi. Ripoti ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba karibu kila tabia ya bakteria waliyoipima ilikuwa na chembe ya urithi, asilimia 97 ya tabia hizo, ila chembe hiyo ni ndogo, kwa wastani karibu asilimia 7. Na hata hiyo haionekani ukichukua sampuli moja moja, kwa sababu msimu, umri na chakula vinaifunika. Kisanduku chako kina kichupa kimoja cha kinyesi.

Maziwa: hapa ndipo pa kukikamata

Glasi ya mililita 250 ya maziwa ya ng'ombe ina takriban gramu 12 za laktozi, yaani sukari ya maziwa. Ili iingie mwilini inakatwa vipande viwili na kimeng'enya cha laktesi kwenye utumbo mwembamba. Mtoto mchanga ana laktesi tele. Kwa watu wengi duniani laktesi hiyo inashuka ikishapita miaka ya kuachishwa ziwa, na laktozi isiyokatwa inateremka hadi utumbo mpana. Kule bakteria wanaichachusha: gesi, tumbo kuunguruma, wakati mwingine kuharisha. Wanaofaidi sana karamu hiyo ni bifidobakteria. Ndiyo maana mtu asiye na laktesi ya utu uzima lakini anayekunywa maziwa huwa na bifidobakteria wengi. Jeni haijawapenda bakteria hao kwa namna yoyote, imewaachia mabaki. Uchunguzi wa Waholanzi 1,514 uliotoka mwaka 2016 ulithibitisha kwamba uhusiano huo unategemea unywaji wa maziwa wenyewe. Asiyekunywa hana mabaki ya kuwapa, awe na jeni ipi.

Sasa tazama ripoti inavyoandika. Bifidobakteria wengi, rangi ya kijani, hongera. Kumbe huenda ni dalili tu kwamba maziwa yako yanapita bila kumeng'enywa. Ripoti inayosifia bakteria ukurasa wa 4 na kulaani maziwa ukurasa wa 9 bila kuunganisha habari hizo mbili haijaandikwa na mtu anayeelewa anachouza.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye ukurasa wa jeni. Swichi inayoiacha laktesi iendelee kuwaka ukubwani iko kwenye kromosomu ya 2, ndani ya jeni jirani iitwayo MCM6. Badiliko la Ulaya kwenye swichi hiyo, nafasi ya 13910, lilitambuliwa mwaka 2002 kwa familia za Kifini. Kwa Waafrika Mashariki wasio na asili ya Ulaya badiliko hilo karibu halipo. Kwa hiyo kwa muda fulani wafugaji wa huku, wanaokunywa maziwa maisha yao yote, walikuwa kitendawili. Mwaka 2007 timu iliyoongozwa na mtaalamu wa jeni Sarah Tishkoff ilipima Watanzania, Wakenya na Wasudani 470 ikakuta mabadiliko mengine matatu, nafasi za 14010, 13915 na 13907. La 14010 ndilo limeenea Tanzania na Kenya, na umri wake unakadiriwa kuwa kati ya miaka 3,000 na 7,000. Swichi ni ileile, kidole kilichoibonyeza ni kingine.

Kipimo kinachosoma 13910 peke yake kitamwangalia Mtanzania mwenye badiliko la 14010, kisilione, kisha kimwandikie kwa herufi nyekundu: mwili wako hauvumilii maziwa. Mtu wa Magu au Misungwi aliyekuwa akishushia kiporo chake kwa maziwa bila shida anaacha kwa sababu ya karatasi. Kabla hujalipa, muulize muuzaji swali moja tu: mnasoma rs145946881? Hiyo ndiyo namba ya usajili ya 14010. Ya Ulaya ni rs4988235. Akijibu kwa maelezo marefu yasiyo na namba, jibu ni hapana.

Ukishanunua, omba faili ghafi ya jeni. Kampuni nyingi huruhusu kuipakua. Ni maandishi matupu, unaifungua hata kwa simu na kutafuta namba. Lakini kuna mtego unaowanasa hata waliosoma. LCT inasomwa kinyume na mwelekeo wa ramani ya kromosomu, na faili nyingi zinaandika herufi za ramani. Kwenye makala za kitaalamu badiliko la 14010 ni G kuwa C. Kwenye faili iliyoandikwa kwa mwelekeo wa ramani linakuwa C kuwa G. Herufi ni zilezile mbili zilizogeuzwa, hivyo huwezi kugundua kosa kwa kuangalia. Njia ya kujihakikishia ni kutazama kwanza rs4988235. Ukikuta hapo G au A, faili inafuata ramani, na kwenye rs145946881 herufi ya maziwa ni G: CG au GG maana yake unalo badiliko, CC hulina. Ukikuta hapo C au T, faili inafuata mwelekeo wa jeni, na herufi ya maziwa ni C. Kama rs145946881 haimo kabisa kwenye faili, hujapimwa. Hilo si sawa na kutokuwa nalo.

Kipimo cha jikoni kinagharimu nusu lita ya maziwa. Asubuhi kabla ya kula, kunywa mililita 500 za maziwa yaliyochemshwa na kupozwa, bila sukari wala vitafunwa. Hapo una takriban gramu 24 za laktozi. Kaa saa tatu hadi nne bila kula, ukiandika gesi, maumivu na safari za chooni. Siku nyingine rudia kwa glasi moja tu. Wengi wasio na laktesi wanastahimili glasi moja, nusu lita ndiyo inawaumbua. Asifanye mtoto, mgonjwa wa kisukari, wala mwenye mzio wa maziwa, ambao ni jambo jingine kabisa. Na usidai kwamba umesoma jeni: mtu anayekunywa maziwa kila siku, bakteria wake huzoea kazi hiyo na dalili hupungua hata bila laktesi. Kwa mpishi wa nyumbani hiyo ni habari njema zaidi kuliko herufi yoyote.

Jeni nyingine kwenye ripoti hazistahili pesa. ABO, jeni ya kundi la damu, ina uhusiano wa kweli na baadhi ya bakteria wanaokula sukari ya kundi A kwenye ute wa utumbo. Umeonekana kwa nguruwe na kwa watu, wakiwemo Waholanzi 7,738 mwaka 2022. FUT2 inaamua kama sukari hizo zitatoka kwenye ute na mate au zibaki kwenye damu. Ni sayansi nzuri, ila hakuna chakula cha kuandikiwa kutokana nayo, na kundi lako la damu unalijua ukienda kuchangia damu. Zile alama za "hatari ya kunenepa" zimekokotolewa zaidi kwa watu wa asili ya Ulaya na zinapungua nguvu zikipelekwa kwa Waafrika. Ruka ukurasa.

Ripoti ya bakteria

Vipimo vya bei nafuu vinasoma jeni moja ya bakteria iitwayo 16S. Inatosha kukuambia jenasi, yaani kundi la spishi zinazokaribiana, mara chache spishi yenyewe, na kamwe si aina mahususi. Kipimo kinachosoma vinasaba vyote vya sampuli ni ghali zaidi na ndicho chenye maana kama unataka kujua bakteria wanaweza kufanya nini.

Asilimia za ripoti zinachanganya watu. Ni mgawo wa ndani ya gunia, hazikuambii una magunia mangapi. Bakteria wa jenasi ya prevotela wakipanda kutoka asilimia 20 hadi 40, wengine wote wanaonekana kushuka hata kama hakuna aliyekufa.

Bifidobakteria wana tatizo lao. Ngozi yao ni ngumu. Maabara isiyozipasua seli kwa kuzitikisa na shanga ndogo inawaacha wamefungwa ndani. Zaidi ya hapo, kimoja cha vianzio vya zamani, yaani vipande vya DNA vya kuanzishia kunakili 16S, hakiwashiki vizuri. "Upungufu wa bifidobakteria" unaweza kuwa upungufu wa maabara. Kinyesi kilekile kikipelekwa kampuni mbili, tegemea ripoti mbili zisizolingana, kwa hiyo ukitaka kulinganisha kabla na baada, baki na kampuni moja.

Na kuna suala la kipimo cha kawaida: kawaida ya nani? Mwaka 2014 Wahadza 27 wa Ziwa Eyasi walilinganishwa na Waitaliano 16. Wahadza watu wazima hawakuonekana na bifidobakteria, na walikuwa na bakteria wa jenasi ya treponema, ambao wenzao wa Italia hawakuwa nao. Walikuwa wazima, wakichimba mizizi na kula asali. Mwaka 2017 ikaonekana bakteria wao wanabadilika kwa msimu, wengine wanatoweka masika na kurudi kiangazi. Kisanduku hiki kingewapa alama za chini. Mla michembe, matobolwa na mlenda wa Usukuma anasimama mahali fulani kati ya Eyasi na Italia, na kompyuta inampima kwa futi ya Italia.

Kuchukua sampuli bila kuiharibu

Mate kwanza. Nusu saa kabla usile, usinywe, usipige mswaki, usivute sigara. Jaza hadi mstari, kwa kawaida mililita 2, povu halihesabiwi. Mchana wa jua la Mwanza mdomo hukauka: kunywa maji ya kutosha, subiri nusu saa, kisha sugua mashavu kwa nje. Funga kifuniko hadi kimiminika kishuke, tikisa.

Karatasi ya kukingia imetengenezwa kwa choo cha kukalia, inabanwa pande mbili. Kwenye choo cha kuchuchumaa, ambacho ndicho cha nyumba nyingi, haina pa kushika, na wengi hapa ndipo wanapookota sampuli sakafuni. Tumia kopo pana, la ice cream kwa mfano, lililooshwa na kukauka kabisa. Tone la maji lina bakteria wake. Kojoa kwanza, kisha kopo. Maji ya kuchambia yasubiri.

Chukua kiasi cha punje ya mchele kwa jumla, kutoka sehemu mbili au tatu za ndani. Watu huzidisha wakidhani wanaisaidia maabara. Kimiminika kimepimwa kwa kiasi hicho. Donge likibaki zima, katikati yake hakijafika, na jamii ya E. koli inaendelea kuzaana njiani. Ripoti itakuja kusema una "uvimbe wa utumbo" ambao ulianzia kwenye bahasha. Tikisa nusu dakika hadi yawe maji tupu. Kisanduku chenye kijiti kikavu kisicho na kimiminika usikinunue kabisa kwa hali ya hewa ya huku, maana safari ni Mwanza, Dar es Salaam, kisha nje. Kimiminika kizuri huhifadhi sampuli kwa wiki kadhaa kwenye joto la chumba. Dashibodi ya gari si chumba.

Kama umemeza antibayotiki, subiri angalau wiki nne. Flajili iliyonunuliwa duka la dawa bila cheti nayo inahesabiwa.

Kabla ya kulipa

Anayenunua kwa sababu tumbo linamuuma asinunue. 16S inasoma bakteria; haioni mayai ya kichocho, wala amiba, giardia au minyoo. Mwambao huu una kichocho cha matumbo kwa wingi, na kipimo chake ni darubini: kinyesi miligramu 41.7 kwenye kioo, mayai yanahesabiwa, ikibidi kwa siku zaidi ya moja kwa kuwa hayatoki sawasawa. Vidonda vya tumbo vina kipimo chake cha antijeni ya H. pailori kwenye choo. Bakteria huyo anaishi tumboni, na kwenye ripoti ya kinyesi mara nyingi haonekani. Damu kwenye choo au kupungua uzito si mambo ya posta.

Upande wa sheria, Tanzania ina Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Waulize kabla ya kutuma mate nje ya nchi. Masharti ya kampuni nayo yasome hadi mwisho, hasa kifungu cha kuuza au kugawa takwimu. Bakteria wako watabadilika mwezi ujao, jeni zako ni zilezile hadi kwa wajukuu.

Kama lengo ni kuwalisha bakteria, Mwanza ina historia yake. Mwaka 2004 ulianza hapa mradi wa mtindi wa kina mama kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Canada, wakitumia bakteria aina ya GR-1. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya majaribio kwa wajawazito na wanafunzi wa Mwanza: mtindi huo ulionekana kuzuia zebaki na aseniki zisizidi kupanda kwenye damu ya wajawazito; kwa watoto haikuthibitika. Bakteria wa mtindi ni wapita njia, ukiacha kunywa wanaondoka. Ila wanaichachusha sehemu ya laktozi kabla haijakufikia na wanaendelea kuikata ndani ya utumbo, kwa hiyo asiye na badiliko lolote la maziwa bado ana mtindi.

Alama zetu kwa mnunuzi wa huku: jeni nyota 1 kati ya 5, zinapanda hadi 3 kama rs145946881 imo. Bakteria nyota 2, na 3 kama kipimo kinasoma vinasaba vyote. Ukiamua kununua, chukua cha bakteria peke yake, visanduku viwili vya kampuni moja, kimoja masika na kimoja kiangazi, na kila kimoja kitanguliwe na daftari la wiki moja la ulichokula. Peleka kwa msafirishaji Jumatatu asubuhi. Kinachopokelewa Ijumaa jioni kinalala stoo hadi Jumatatu.